Jinsi ya Kuandaa Mjadala wa Jopo Ambao Ukumbi Nao Unasema: Mwongozo kwa Waandaaji wa Makongamano ya Teknolojia Uganda

Msimu wa makongamano ukikaribia hapa Kampala, naanza kuulizwa yale yale. Tualike wanajopo wangapi? Waziri akichelewa tufanyeje? Hadhira tuipe dakika ngapi mwishoni? Nayajibu hapa kwa pamoja, kwa ajili yako uliyeambiwa juzi na bosi wako kwamba jopo la serikali na sekta binafsi ni jukumu lako, na hujawahi kuandaa hata moja.

Nianze na hilo la dakika, kwa sababu limebeba mengine yote. Watu wa ukumbini wape nafasi mapema, kabla dakika ya kumi haijafika. Ukiwaachia mwisho, mwisho hauji.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliendesha jopo la watu sita kuhusu pesa za simu. Kila mmoja alisoma hotuba yake. Mzee mmoja aliyekaa safu ya nne aliinua mkono mapema, akaushusha, akauinua tena, hadi mshereheshaji akatangaza chai. Alinifuata jukwaani. Alikuwa wakala, amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua, na swali lake ameliandika kwa kalamu ya bluu kwenye ukurasa wa daftari la hesabu uliokunjwa mara nne. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuja na swali, sitaki kurudi nalo. Shika wewe." Karatasi ilisema: mtandao ukikatika, pesa imetoka kwa mteja na kwangu haijafika, nani analipa? Watu niliodhani wana jibu walikuwa wameketi jukwaani saa nzima, na mimi sikumpa nafasi ya kuwauliza.

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Mwongozo huu wote umetokana nayo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wiki sita. Nne zinawezekana, lakini barua za serikali zitakutoa jasho.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa. Kuanzia wiki ya tatu kila mdhamini atataka mtu wake aongezwe jukwaani. Asipokuwepo wa kusema hapana, jopo litavimba.
- Mwendesha mjadala, na msaidizi wake wa kupokea na kupanga maswali. Hizi ni kazi za watu wawili. Usimpe mmoja zote mbili.
- Kipaza sauti kimoja kwa kila mwanajopo, kimoja cha mwendesha mjadala, na viwili visivyo na waya kwa ajili ya ukumbi. Nunua betri mpya asubuhi ya siku yenyewe.
- Kadi ngumu za ukubwa wa A6 za kuandikia maswali, zizidi idadi ya viti, pamoja na kalamu. Kadi nyingine za rangi mbili, kijani na nyekundu, za kupigia kura.
- Saa kubwa inayoonekana kutoka jukwaani.
- Wakalimani wa lugha ya alama, wawili ili wapokezane.
- Fungu la nauli kwa watakaotoka mikoani. Liandike "nauli" au "gharama za safari" kwenye bajeti. Ukiandika "posho" kama wanavyosema Dar es Salaam, mhasibu wa Kampala anaweza kudhani unazungumzia ugali.

Hatua ya 1: Andika swali, uachane na kaulimbiu

"Mustakabali wa Uchumi wa Kidijitali" ni maneno ya bango. Hakuna anayeweza kuyajibu, kwa hiyo kila mtu atasoma hotuba. Andika swali ambalo mtu wa kawaida angeuliza akiwa amesimama dirishani kwa karani.

Mfano wa kwanza. NITA-U, mamlaka inayosimamia teknolojia ya habari serikalini, ina jukwaa la UGHub la kuunganisha mifumo ya taasisi ili zipashane data. Swali: ikiwa mifumo inaweza kuzungumza, kwa nini ofisi nyingine bado zinadai fotokopi ya kitambulisho changu? Mfano wa pili ni EFRIS, mfumo wa ankara na risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, URA. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka wakiulalamikia. Swali: mwenye duka la jumla Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, afanye nini mtandao ukikatika huku mteja amesimama na mzigo begani?

Swali lako likiwa na mtu ndani yake, na mahali, na kitu kilichokwama, umeanza vizuri. Msomee mama yako au dereva wa boda wa hapo mtaani. Wakikuelewa bila maelezo, liweke kwenye ratiba kama lilivyo.

Hatua ya 2: Tafuta ofisi inayohusika hasa

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapojikwaa. Wanaalika jina kubwa, siku inafika, na kila swali linajibiwa "hilo liko chini ya wenzetu." Jua nani ana nini:

- Sera iko Wizara ya TEHAMA na Mwongozo wa Taifa.
- Mifumo ya serikali na viwango vyake: NITA-U, iliyoundwa kwa sheria ya 2009.
- Kampuni za simu, masafa na utangazaji: Tume ya Mawasiliano, UCC.
- Faragha na data binafsi: Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.
- Vitambulisho: NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho vya taifa.
- Pesa za simu: Benki Kuu ya Uganda, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020.

Hilo la mwisho huwashangaza watu. Wanapanga jopo la pesa za simu, wanaalika UCC na kampuni mbili za simu, Benki Kuu hawaikumbuki. Hata mimi sikuikumbuka: swali la mzee wa Arua lingeanguka sakafuni hata kama ningempa kipaza sauti mapema.

Hatua ya 3: Hesabu dakika kabla ya kuhesabu majina

Chukua kalamu. Wanajopo 6, kila mmoja dakika 7 za utangulizi: 42. Mshereheshaji anasoma wasifu wa kila mmoja dakika 2: 12. Jumla 54. Kama umepewa saa moja, zimebaki dakika 6, na bado hujamshukuru mdhamini.

Wanajopo wawe 4 na kikao kiwe dakika 75. Mmoja atoke serikalini, mmoja kwenye kampuni inayotoa huduma, mmoja awe fundi anayeunda au kuendesha mifumo, na mmoja awe mtumiaji. Huyo wa nne usimwache hata ukibanwa vipi. Wakala wa pesa za simu, mwenye duka, ofisa wa wilaya anayejaza fomu hizo kila siku. Bila yeye, wale watatu watakubaliana kila kitu na kupongezana.

Wadhamini wanaotaka sura yao jukwaani wape nafasi wakati wa ufunguzi, au meza ya maonyesho nje ya ukumbi. Nimeona wakikubali bila kinyongo wakielezwa mapema. Wakielezwa siku mbili kabla, hawakubali.

Hatua ya 4: Barua, na suala la mwakilishi

Barua ya kumwomba mtumishi wa wizara iende kwa Katibu Mkuu, ya kumwomba wa mamlaka iende kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ipeleke kwa mkono masjala, ugongewe muhuri kwenye nakala yako, kisha fuatilia kwa simu kila baada ya siku tatu. Barua pepe peke yake huzama.

Sasa sikiliza vizuri. Usimwombe Waziri akae kwenye jopo. Mwombe afungue kongamano. Waziri ana ratiba isiyokuwa yake, na akiitwa Ikulu au Bungeni atatuma mwakilishi, mwakilishi atasoma hotuba ya bosi wake, na hana ruhusa ya kuongeza neno. Kwenye jopo omba Kamishna au meneja anayeishi na mfumo huo kila siku. Mtaje kwa cheo ndani ya barua, ambatanisha maswali, na uandike waziwazi: "Mjadala huu hauna hotuba. Tunaomba ofisa anayeweza kujibu maswali ya kiutendaji, pamoja na mwingine wa akiba mwenye uelewa huo huo."

Sentensi hiyo ya akiba imeniokoa mara nyingi. Barua inayoomba mtu mmoja inaleta yeyote aliyekuwa ofisini asubuhi hiyo.

Hatua ya 5: Kusanya maswali wiki mbili kabla

Mjadala mzuri umeshaanza siku watu wanapofika mlangoni. Waliojiandikisha waulize kitu kimoja tu: "Ni jambo gani lilikukwamisha mwaka huu ukitumia huduma hii?" Usiwaulize "Una swali gani?" Ukiuliza swali utaletewa hotuba fupi. Ukiuliza kilichomkwamisha mtu, atakusimulia.

Usitegemee fomu ya mtandaoni peke yake. Tangu Julai 2021 bando za intaneti hapa kwetu zina ushuru wa asilimia 12, na mtu wa Moroto au Kisoro hatatumia bando lake kujaza fomu yako ya kurasa tatu. Pokea kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa sauti ya WhatsApp, na kwa miguu. Mtume kijana mmoja soko la Owino, Kikuubo, au kwenye ofisi ya wilaya, akae saa mbili na daftari. Kwa nusu siku ya kazi na nauli ya boda, atarudi na maswali ambayo hakuna mtaalamu angeyawaza.

Ukikusanya majina na namba za simu unashika data binafsi za watu, na ile sheria ya 2019 inakuhusu. Waambie unazitaka kwa nini, wakubali, usizitumie kwa jambo jingine, na usizikabidhi kwa mdhamini kwa sababu tu ameziomba. Ataziomba.

Kisha kaa na msaidizi wako, myapange maswali kwenye mafungu matatu au manne. Kila fungu lipate mtu mmoja aliye tayari kusimama na kuuliza mwenyewe kwa mdomo wake. Mpigie simu, mfanyie mazoezi ya dakika moja, mwambie atakaa kiti kipi. Hao ndio watakaofungua mlango. Wakishasimama watatu wa kawaida, wa nne husimama bila kuombwa.

Hatua ya 6: Kikao cha wanajopo, siku tano hadi saba kabla

Dakika 40 kwa simu ya pamoja zinatosha. Wasomee maswali ya ukumbini kama yalivyoandikwa, na makosa yake. Mwonye kila mmoja kwamba hakuna utangulizi wala slaidi.

Watumishi wa umma wanaogopa jambo moja, nalo ni la haki: kusema kitu jukwaani kisha kiwe kichwa cha habari kesho yake. Usiwadharau kwa hofu hiyo. Kubaliana nao kwamba majibu matatu yote ni halali. La kwanza, "najua, na jibu ni hili." La pili, "hilo halijaamuliwa, au liko mahakamani, siwezi kulisemea, lakini hatua iliyofikiwa ni hii." La tatu, "sijui. Nitaleta jibu kufikia tarehe fulani." Nimeona makamishna wakilegea mabega kabisa wakisikia kwamba "sijui" inaruhusiwa. Wengine wao ndio waliokuja kuwa wanajopo bora kuliko watu wa kampuni, maana wa kampuni amefunzwa kutosema lolote.

Muulize kila mmoja pia: "Ni wapi hukubaliani na mwenzako hapa?" Yaandike majibu hayo. Ndiyo kuni zako za katikati ya mjadala.

Hatua ya 7: Kagua ukumbi ukiwa na fundi mitambo

Nenda siku moja kabla, iwe Munyonyo, Serena, Lugogo au ukumbi wa wilaya. Mambo ya kukagua:

Viti. Panga nusu duara, na uache njia mbili pana za kupita mwenye kipaza sauti. Safu ndefu za viti 20 bila njia zinamfanya aliye katikati asiinue mkono kamwe.

Taa. Kumbi nyingi humulika jukwaa na kuacha watu gizani. Omba taa za ukumbini ziwake. Mwendesha mjadala asiyeona nyuso hawezi kujua nani amekunja uso.

Umeme. Ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na mitambo ya sauti ikizimika huchukua muda zaidi kuwaka upya. Weka mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti) na vipokezi vya vipaza sauti kwenye betri ya akiba. Kisha mwombe mhandisi wa ukumbi azime umeme makusudi mkiwa mmesimama hapo, mwone kinachotokea.

Intaneti. Watu 300, kila mmoja na simu na kompyuta, ni vifaa 600. Usiamini ukiambiwa "Wi-Fi ipo." Kama lazima upige kura kwa simu, kadi za rangi ziwe chini ya kila kiti hata hivyo. Mimi siku hizi naanza na kadi moja kwa moja. Ukumbi mzima ukiinua nyekundu mbele ya Mkurugenzi, hakuna grafu ya kwenye skrini inayofikia hapo.

Hatua ya 8: Ratiba ya dakika 75

- Dakika 0–4: Mwendesha mjadala anasoma swali kuu na kumtambulisha kila mwanajopo kwa sentensi moja.
- Dakika 4–8: Kura tatu za kadi. "Mwaka huu nimewahi kurudishwa kufuata fotokopi." Kijani au nyekundu.
- Dakika 8–20: Wale wauliza maswali watatu ulioandaa.
- Dakika 20–40: Wanajopo wanajadiliana wao kwa wao, kuanzia pale wasipokubaliana.
- Dakika 40–50: Jirani kwa jirani.
- Dakika 50–70: Maswali ya ukumbini, ya mdomo na ya kadi.
- Dakika 70–75: Kila mwanajopo anasema jambo moja atakalofanya, na tarehe.

Ngoja nieleze hizo dakika kumi za jirani kwa jirani, kwa sababu kila mwandaaji mpya hutaka kuzifuta. Kwenye ukumbi wa serikali, ofisa mdogo hatasimama kuuliza swali bosi wake akiwa safu ya mbele. Hata mwenye kampuni changa inayosubiri zabuni hatasimama. Lakini ukisema, "Geukia jirani yako, dakika tatu, mwambiane nini hakijajibiwa, kisha mkiandike kwenye kadi, jina si lazima," ukumbi unavuma kama soko. Wakati huo msaidizi anapita na kikapu. Dakika tano zinazobaki anazipanga kadi kwa mafungu huku wewe ukiwauliza wanajopo kile walichokisikia. Maswali makali kuliko yote niliyowahi kuyasoma jukwaani yalitoka kwenye kikapu hicho, mengine kwa mwandiko wa haraka wa mtu aliyekuwa akificha kadi kwa mkono wa pili.

Angalizo: wimbo wa taifa, ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sala na hotuba ya mgeni rasmi viwe kwenye kikao cha ufunguzi kinachojitegemea. Kati ya ufunguzi na jopo weka chai ya nusu saa. Mgeni rasmi akichelewa, itakayoliwa ni chai. Jopo litabaki na dakika zake.

Hatua ya 9: Lugha

Jopo likiwa Kampala, Kiingereza kitatawala usipojipanga. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wageni wa Tanzania, Kenya na Kongo wanakitumia, na wafanyabiashara wa Busia na Malaba pia. Tangaza mwanzoni, kwa Kiswahili, kwamba swali lolote kwa Kiswahili au Luganda linapokelewa. Mwendesha mjadala alirudie kwa ufupi kwa lugha ya pili, sentensi mbili zisizidi.

Ukiwa na wakalimani wa kibanda, wape orodha ya maneno na vifupisho siku mbili kabla. Na jopo lenyewe liwe na maneno yaliyokubaliwa: ankara, risiti, wakala, nywila, seva. Mtu asiache kuuliza kwa kukosa neno.

Hatua ya 10: Kuendesha

Kaa pembeni ya jopo, usikae katikati, na mwili wako uelekee ukumbi nusu. Anayeuliza apewe sekunde 40. Mwenye kipaza sauti asikiachie mkononi mwa muulizaji. Akishike mwenyewe na kumsogezea mdomoni. Hilo dogo linamaliza nusu ya hotuba zote.

Kukatiza mkubwa kunahitaji maneno yaliyo tayari. Haya ni ya kwangu, yachukue:

"Mheshimiwa, naomba radhi nikukatize hapo. Mama huyu bado amesimama, anasubiri jibu la swali lake."

"Bwana Kamishna, nisaidie kwa neno moja kwanza: ndiyo au bado?"

"Mzee wangu, nimekuelewa. Niruhusu nikuulizie swali lako hivi..." Kisha lifupishe, umtazame, usubiri aitikie kwa kichwa.

Kila jibu likiisha, mrudie aliyeuliza: "Umejibiwa?" Akisema hapana, mwanajopo ana nafasi moja zaidi. Ukimruka hapo, ukumbi wote unajua kwamba yale maswali yalikuwa mapambo.

Kosa la kawaida: kukusanya maswali matano kwa mkupuo ndipo wanajopo wajibu. Kila mmoja atachagua jepesi, na lile gumu halitaguswa na yeyote. Swali moja, jibu moja.

Hatua ya 11: Siku 14 baadaye

Kadi zote zipigwe chapa, hata zile ambazo hazikusomwa. Zile za "nitaleta jibu" zitumie kwa ofisi husika siku ya pili yake kwa barua, ukitaja maneno na tarehe aliyoahidi mwanajopo. Siku ya 14 watumie wote waliohudhuria majibu yaliyopatikana, na orodha ya ambayo hayajapatikana. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kwa wasio na barua pepe.

Mambo yakienda kombo

*Mwanajopo amekuja na hotuba ya kurasa nane.* Ichukue kwa mikono miwili, mshukuru, mwambie itagawiwa kwa wote mlangoni. Kisha muulize swali la kwanza lililomo ukurasa wake wa kwanza.

*Amekuja mwakilishi asiyejua kitu.* Usimwaibishe, yeye katumwa tu. Mpe jukumu la kuandika kila swali linalohusu ofisi yake na kuyasoma mwishoni kama ahadi. Yule wa akiba uliyemwomba kwenye barua, ikiwa yuko ukumbini, apande.

*Hakuna anayeinua mkono.* Rudi kwenye kadi. Soma ile kali, uliza: "Nani hapa limemkuta hili?" Watu huona haya kuuliza, lakini huona raha kusema yaliyowakuta.

*Mtu ameanza kuhutubia siasa.* Usimzime kipaza sauti, utamfanya shujaa. Msikilize sekunde 40 zake, kisha: "Ndugu yangu, katika hayo, lipi unataka Kamishna alijibu leo?" Akishindwa kulitaja, ukumbi wenyewe utamkalisha.

*Umeme umekatika na betri ya akiba imegoma.* Simama, shuka jukwaani, nenda katikati ya ukumbi. Anza jirani kwa jirani muda huo huo. Haihitaji umeme.

*Muda umekatwa kutoka dakika 75 hadi 40.* Punguza mazungumzo ya wanajopo yawe dakika tano na toa jirani kwa jirani. Kura za kadi, wauliza maswali watatu na ahadi za mwisho viache kama vilivyo.

*Ofisi iliahidi jibu na imenyamaza.* Kumbusha mara mbili kwa maandishi. Bado kimya? Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005: andika ombi rasmi kwa ofisa habari wa taasisi hiyo, utaje hasa unachokitaka. Sheria inampa siku 21 za kukujibu. Weka muhuri wa masjala kwenye nakala yako, na hesabu kuanzia tarehe hiyo.